UZI: Dhahabu ya Italia ilikuwepo kweli, na walionunua hisa zake waliliwa kweli

Kijiwe cha Torino (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam,

Kuna mdau kwenye ule uzi wa hisa za migodi alitupa kanuni yake: kabla hujanunua hisa ya kampuni ya dhahabu, hakikisha tu dhahabu ipo, mengine yatajipa. Nikamwambia kanuni hiyohiyo ndiyo iliyowafilisi watu huku ninakoishi. Akanijibu kwamba Italia kuna tambi, dhahabu iko kwetu. Nikaona nikimjibu kwa mistari miwili nitakuwa namdhulumu. Uzi huu ni wake, na ni mrefu, kwa hiyo mwenye chai aisogeze.

Dhahabu Italia ipo. Kaskazini-magharibi kuna mlima Monte Rosa, mita 4,634, umekaa mpakani na Uswisi. Mabonde yanayoteremka kutoka kwake, Anzasca, Valsesia, Ayas, yana mikanda ya dhahabu ndani ya mwamba, na mito ya ukanda huo imekuwa ikibeba punje zake hadi tambarare tangu enzi. Karibu na mji wa Biella kuna mahali panaitwa Bessa. Ukifika utadhani kuna mtu alimwaga malori ya mawe kwa miaka mia: marundo ya mawe ya mtoni, rundo baada ya rundo, mengine marefu kuliko nyumba, na miti imeota juu yake. Hayo ni marudio, wakuu, yaani mabaki ya kuoshea dhahabu. Waliyaacha Warumi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Kabla ya Warumi, bonde la Aosta lilikuwa la watu walioitwa Wasalassi. Strabo, yule Mgiriki aliyeandika jiografia ya dunia ya wakati wake, anasema walikuwa wakiyachepusha maji ya mto Dora kuoshea mchanga wa dhahabu, hadi mto wenyewe unabaki mkavu. Wakulima wa chini wakakosa maji ya kumwagilia. Vita kila siku. (Kama umewahi kuishi jirani na wachenjuaji unaijua hii kesi, hubadilishi hata jina la mlalamikaji.) Mwaka 143 KK Warumi wakaingia kwa kisingizio cha kuamua ugomvi, wakachukua migodi. Lakini Wasalassi walibaki juu milimani, na maji yanatoka juu. Basi ikawa wakandarasi wa Kirumi wanalazimika kununua maji kutoka kwa watu walewale walionyang'anywa dhahabu. Strabo anasema wazi kwamba magomvi hayakuisha kwa sababu ya tamaa ya hao wakandarasi. Ikaisha mwaka 25 KK: jeshi la Augustus likawashinda, watu 36,000 wakauzwa utumwani pale Ivrea, na wapiganaji 8,000 juu yao. Nchi ikajengwa mji mpya ambao leo ndio Aosta.

Sasa hao wakandarasi ndio ninaowataka. Waliitwa *publicani*. Dola ya Roma haikuwa na wizara ya madini; kila miaka mitano maofisa walioitwa *censores* walinadi kazi hadharani: kodi za mikoa, ujenzi, chumvi, migodi. Anayeshinda mnada anaweka mashamba rehani kama dhamana. Kwa kuwa hakuna mtu mmoja mwenye mtaji wa kutosha, watu walijiunga kwenye ushirika, na ndani ya ushirika kulikuwa na *partes*, yaani mafungu. Polybius, mwanahistoria Mgiriki, anasema karibu kila mtu Roma alikuwa na mkono wake katika biashara hizi.

Na mafungu hayo yalikuwa na bei inayopanda na kushuka. Ushahidi ninaoupenda ni wa Cicero, mwanasheria na mwanasiasa wa Roma. Mwaka 56 KK alikuwa anamchambua mwanasiasa mmoja, Vatinius, mbele ya mahakama, akamrushia swali: je, hukujipatia mafungu, mengine kwa Caesar, mengine kwa publicani, *wakati ule yalipokuwa ghali mno*? Lisome tena hilo neno "wakati ule". Kitu hakiwi ghali wakati ule kama bei yake haichezi. Na wakati wenyewe ni 59 KK: Caesar ni konsuli (mmoja wa wakuu wawili wa dola), Vatinius ni mtu wake bungeni, na mwaka huohuo Caesar aliwapunguzia publicani wa mkoa wa Asia theluthi ya deni la mkataba wao. Ukijua jambo hilo siku tatu kabla ya wenzako, unafanyaje? Nadhani hapa jukwaani wote tunajua.

Nakuja na sehemu ya pili, Waingereza na bonde la Anzasca. Mwenye swali aulize.

Popo wa Mchana

Siti ya mbele nimeshaweka mkoba. Tiririka mkuu.

bintiMaryam

Kaka, nakukatiza kidogo hapo. Hayo ya Cicero ni mafungu ya kodi ya Asia, si ya dhahabu ya Italia. Kichwa cha uzi kinasema dhahabu.

Na wanahistoria bado wanabishana kama *partes* zilikuwa hisa hasa za kuuzika kwa yeyote, au ni fungu la ubia tu kama sisi tunavyochanga kwenye jahazi. Tusiwavike Warumi suti ya soko la hisa.

Kijiwe cha Torino

Dada Maryam umenishika, na nakubali nusu. Ni kweli maneno ya Cicero hayahusu Bessa. Lakini aina ya ushirika ni ileile, na migodi ya huku nayo iliendeshwa na publicani. Hilo analisema Pliny, mwandishi wa Kirumi. Anataja mgodi wa dhahabu wa Victumulae, katika eneo la Vercelli, ambao wengi wanauweka hapo Bessa. Anasema kulikuwa na sheria ya censores iliyowakataza publicani kuweka watu zaidi ya 5,000 kazini.

Pliny hasemi sababu ya sheria hiyo. Mimi nina dhana yangu. Mkataba ni wa miaka mitano. Mwenye mkataba wa miaka mitano hana habari na mwaka wa sita. Anataka akombe chote akiwa bado yeye ndiye mwenye mkataba, wenye mafungu wagawane, kisha mgodi urudi serikalini ukiwa shimo. Ukimwekea kikomo cha watu, unamlazimisha aache kitu.

Wengine wanasema ilikuwa kuzuia dhahabu isimwagike sokoni, na si dhana mbaya. Polybius anasimulia kwamba ilipogunduliwa dhahabu kwa Wataurisci, huko kaskazini-mashariki kuvuka Alps, Waitalia walikwenda kuchimba na wenyeji kwa miezi miwili tu, na bei ya dhahabu Italia nzima ikaanguka kwa theluthi moja. Wenyeji walipoona hivyo wakawatimua wageni ili wabaki na dhahabu peke yao. Miezi miwili, wakuu. Mtu aliyekuwa ameficha dhahabu ndani akisubiri bei ipande alilala tajiri akaamka na theluthi mbili.

Jahazi la ubia nimelipenda. Nadhani ukweli uko karibu na jahazi kuliko suti.

DalaliMstaafu

Kwenye hao publicani usisahau kisa cha Postumius wa Pyrgi, anacho Livy, mwanahistoria wa Roma, mwaka 212 KK. Vita na Hannibal vimepamba moto, serikali haina hela, wakandarasi wakakubali kupeleka mizigo ya jeshi kwa mkopo, kwa sharti kwamba meli ikizama kwa dhoruba hasara ni ya serikali. Bwana akatafuta meli mbovu, akapakia vitu vichache visivyo na thamani, akazizamisha, mabaharia wakaokolewa na mashua zilizokuwa zimeandaliwa kabisa, kisha akadai fidia ya mzigo mzito. Seneti ikajua, ikanyamaza kwanza kwa sababu haikutaka kuwaudhi wakandarasi wakati wa vita.

Nimefanya kazi sokoni miaka mingi. Hakuna jipya.

Kijiwe cha Torino

Mzee wangu, shikamoo. Hicho kisa ningekisahau.

Sehemu ya pili. Tunaruka karne nyingi kwa sababu katikati hakuna hisa, kuna wachimbaji tu.

Bonde la Anzasca, kijiji cha Macugnaga, kitongoji cha Borca. Hapo kuna mgodi unaitwa Guia, ulichimbwa tangu 1710 hadi 1945, na leo unalipa kiingilio unaingia na kofia ngumu kichwani. Nilikwenda na wanangu. Ndani ni baridi hata Agosti, maji yanadondoka shingoni. Lakini kilichonishika ni mashine ya kusagia mbale, yaani mawe yenye dhahabu. Wanaiita *molinetto*, kinu kidogo. Ni beseni la jiwe, ndani yake kuna jiwe jingine linalozungushwa na gurudumu la maji. Unatia mbale iliyopondwa, maji, na zebaki. Jiwe linazunguka polepole, zebaki inakamata dhahabu, tope linatoka juu. Mwisho unamwaga, unakamua zebaki kupitia ngozi, kinachobaki unakichoma. De Saussure, mwanasayansi wa Geneva, alipita huko 1789 akaandika kuhusu migodi hiyo, na vinu vya namna hii ndivyo vilivyokuwa vikifanya kazi bondeni.

Kinu kimoja kinasaga kidogo sana kwa siku. Kumi bado kidogo. Ndiyo maana bonde lilijaa vinu, kila familia na chake. Ilikuwa riziki ya watu wa mlimani: ng'ombe, jibini, na punje za dhahabu.

Halafu vikatokea vitu viwili, kila kimoja kizuri kwa nafsi yake.

Cha kwanza: London, 1855 na 1856, Bunge likapitisha sheria za dhima yenye kikomo. Watu saba wakitia sahihi, wana kampuni; ikifa, unapoteza ulichoweka, nyumba yako haiguswi. Cha pili: tarehe 20 Novemba 1859 ufalme wa Sardinia, ambao ndio uliotawala Piemonte na muda mfupi baadaye ukaiunganisha Italia, ukatoa sheria ya madini. Chini ya sheria hiyo mwenye shamba la juu si lazima awe mwenye madini ya chini. Unaomba kibali, ukipewa ni mali yako, unaweza kumuuzia mwingine.

Viweke pamoja. Mtu anapata kibali kwenye mlima wenye dhahabu ya kweli, yenye historia ya kweli, hata Warumi walikuwepo. Anakwenda London. Hachimbi. Anaiuzia kampuni mpya kibali chake, nusu kwa fedha taslimu, nusu kwa hisa zilizokwisha kulipiwa. Kampuni inatoa waraka wa matarajio: ramani, barua ya injinia, jina la bwana mkubwa mwenye cheo kwenye orodha ya wakurugenzi. Wananchi wananunua.

Ndivyo zilivyozaliwa kampuni kama Pestarena United Gold Mining Company hapo bonde la Anzasca, Monte Rosa Gold Mining Company upande wa Alagna, na baadaye Evançon Gold Mining Company iliyochimba Brusson, bonde la Ayas. Majina ya Kiingereza, mlima wa Kiitaliano.

Mzee wa Karasha

Mkuu hapo kwenye zebaki na ngozi umenitoa machozi. Mimi niko Geita, nina karasha mbili (mashine za kusaga mawe) na mialo (sehemu za kuoshea). Sisi tunakamua kwenye kitambaa, vijana wengine kwenye soksi. Yaani 1789 Mzungu alikuwa anafanya hivi na leo mwanangu anafanya hivi.

Nataka kujua gramu. Mwamba wao ulikuwa unatoa gramu ngapi kwa tani? Usituambie "dhahabu ipo". Dhahabu ipo hata baharini.

Kijiwe cha Torino

Mzee wa Karasha, hilo ndilo swali ambalo mwenye hisa wa London hakuwa na uwezo wa kuliuliza, na angepewa jibu lisingemsaidia. Maana mikanda ya Monte Rosa haina gramu moja. Kuna mahali inanenepa, dhahabu inaonekana kwa macho. Brusson huko walitoa vipande vya kwartzi vyenye dhahabu vilivyoishia kwenye makabati ya makumbusho. Hatua chache mbele mkanda unakonda kama uzi, au unakatika kwenye ufa na hujui umeendea wapi. Ukitaka kuandika waraka wa matarajio, unapima pale uliponenepa. Hujadanganya. Gramu ulizoandika zipo.

Pia mbale ya Pestarena ina pairaiti (madini ya chuma na salfa, jamii ya salfaidi) na aseniki nyingi. Zebaki haiikamati dhahabu yote, mali nyingi inaondoka na tope.

Hapo ndipo ulipoingia ule uchawi wa sayanaidi, sumu inayoyeyusha dhahabu kutoka kwenye mwamba uliosagwa. Waskoti wa Glasgow waliusajili 1887, na kule Johannesburg uliokoa migodi iliyokuwa imekwama. Kwa muuza hisa ilikuwa neema: akaulizwa mbona miaka ishirini hakuna gawio, anajibu kwamba mashine mpya iko njiani. Mlima haujabadilika hata jiwe moja, ila hisa imepata hadithi mpya.

DalaliMstaafu

Niongezee upande wa soko, maana vijana wanadhani mtu wa London alinunua hisa kwa kulipa bei yote.

Hisa ya pauni 1 ilikuwa shilingi 20. Mara nyingi ulilipia shilingi chache tu siku ya kuomba, labda 5. Zilizobaki kampuni inaweza kuziita wakati wowote mgodi ukikwama. Kwa hiyo hisa rahisi ni deni lililofungwa utepe. Kuna watu walikuwa wanaomba hisa mpya bila nia ya kukaa nazo hata wiki: wanapata mgao, bei ikipanda kidogo wanauza, shilingi 15 zilizobaki zinamfuata mwingine.

Na malipo ya soko yalifanyika kila baada ya takriban wiki mbili. Unanunua leo, hulipi leo. Siku ya hesabu ikifika huna hela, unamlipa dalali riba ili akusogezee hadi hesabu ijayo. Ukisogeza mara nne, tano, riba imekula faida. Bei ikianguka, unauza kwa lazima, na wenzako wote wanauza kwa lazima siku hiyohiyo.

Ukiona bei imepanda juu ya bei ya toleo kabla koleo halijagusa ardhi, jua kinachochimbwa ni mifuko.

bintiMaryam

Nyongeza ndogo ya lugha. Ule wazimu mkubwa wa 1895, hisa za dhahabu za Afrika Kusini zilipopaa kisha zikaporomoka kuanzia vuli ya mwaka huo, madalali wa London walikuwa na jina lao kwa hisa hizo: walizitaja kwa tusi walilowaita Waafrika wa kule, ambalo asili yake ni neno la Kiarabu tunalolijua sote, *kafiri*. Eneo la kuuzia wakaliita sarakasi ya hao. Yaani neno limetoka msikitini, likapita midomo ya mabaharia wa Kireno, likafika Cape Town kama tusi, likaishia kuwa jina la bidhaa sokoni. Nikisoma magazeti ya zamani huwa nahisi kichefuchefu hapo.

Swali kwa kaka: hisa za Italia zilipanda na wimbi hilo?

Kijiwe cha Torino

Kampuni za milima hii zilikuwa mtumbwi mdogo nyuma ya meli ya Johannesburg. Hadithi iliyouza dhahabu ya Rand, ukanda wa huko Johannesburg, ndiyo iliyotumika kuuza dhahabu ya Alps: teknolojia ileile, waraka wa mtindo uleule, wanunuzi walewale waliokuwa na hela na homa. Tofauti iko chini ya ardhi. Rand ina tabaka pana linaloendelea kilomita na kilomita. Gramu ni za wastani lakini unajua kesho utazikuta. Alps ina mkanda unaokupa zawadi Jumatatu na kukufungia mlango Jumanne. Mkanda wa namna hiyo unawafaa watu kumi wenye vinu. Kampuni yenye ofisi London, meneja, injini, bwana mkubwa wa kulipwa posho, na wenye hisa wanaosubiri gawio, haiwezi kulishwa na mkanda huo.

Mwingereza akaondoka, akaja mwingine, wakaondoka.

Baadaye Mussolini alifunga mlango. Amri ya Julai 1927 ilifanya madini kuwa mali ya dola, kibali kikawa cha muda. Mwaka 1935 Italia ikaivamia Ethiopia, ikawekewa vikwazo, ikakosa dhahabu ya kununulia vitu nje. Tarehe 18 Desemba 1935 wanawake walipanga foleni kutoa pete zao za ndoa kwa taifa, Malkia Elena akiwa mbele, wakapewa pete za chuma badala yake. Ndani ya hali hiyo Pestarena ikawa chini ya shirika la serikali, AMMI, na gawio likawa si swali tena. Vita vikaisha, mgodi ukaendelea kukohoa hadi 1961.

Mzee wa Karasha, hesabu hii ni yako. Bei rasmi ya dhahabu duniani tangu 1934 ilifungwa dola 35 kwa aunsi, na ikabaki hapo hadi 1971. Tuseme mwamba unatoa gramu 10 kwa tani, na unaipata yote. Hiyo ni dola 11 na senti chache kwa tani nzima ya jiwe. Mshahara unapanda kila mwaka, baruti inapanda, mbao zinapanda, wachimbaji wanadai fidia ya mapafu. Bei yako haipandi. Mgodi huo hata uwe na malaika ndani utafungwa.

Popo wa Mchana

Gramu 10 ni kubwa kiasi gani mkuu? Mimi mtoto wa mjini.

Mzee wa Karasha

Gramu moja ni ndogo kuliko punje ya mahindi. Kumi zinajaa kwenye kifuniko cha soda na nafasi inabaki. Na tani ya mwamba ni kama mifuko ishirini ya kilo hamsini. Ibebe uione.

DalaliMstaafu

Mimi nitapingana na mwanzisha uzi kidogo. Anasema hatari ni dhahabu ya kweli. Bre-X je?

Kampuni ya Calgary, Kanada. 1993 hisa zake ni za senti. Wakadai wamepata dhahabu Busang, katika misitu ya Kalimantan, Indonesia. Kila taarifa mpya aunsi zinaongezeka, mwisho wanazungumza makumi ya mamilioni. Ukihesabu kabla hisa moja haijagawanywa kuwa kadhaa, bei ilifika zaidi ya dola 280 za Kanada, kampuni ikathaminiwa zaidi ya bilioni 6. Mifuko ya pensheni ya walimu wa Ontario imo, kila mtu yumo. Machi 1997 mwanajiolojia wao Michael de Guzman akaanguka kutoka kwenye helikopta juu ya msitu. Siku chache baadaye kampuni ya madini ya Freeport, waliokuwa wamechimba mashimo yao ya kuhakiki, wakasema dhahabu hawaioni. Mei ikathibitishwa: sampuli zilipandikizwa dhahabu. Punje zenyewe zilikuwa za mviringo kama za mtoni, wakati zilidaiwa kutoka ndani ya mwamba. Hakuna aliyetiwa hatiani.

Pale dhahabu haikuwepo kabisa. Kwa hiyo kanuni ya yule mdau ingewaokoa.

Kijiwe cha Torino

Ingewaokoa wa Bre-X, mzee wangu, sikatai. Baada ya hapo Kanada ilitunga kanuni, 2001, kwamba taarifa ya mgodi isainiwe na mtaalamu anayewajibika. Ni dawa nzuri ya uongo. Lakini wenye hisa wa milima hii hawakudanganywa kuhusu jiwe, ndiyo maana nasema wao wana somo gumu zaidi. Mwizi wa Bre-X siku moja anakamatwa na shimo la mtu mwingine. Kampuni ya Alps huwezi kuikamata: ukienda kuhakiki unaikuta dhahabu, unarudi umefurahi, unaongeza hisa.

Na usidhani ni mambo ya babu zetu. Sardinia, kijiji cha Furtei, kilomita kama arobaini kaskazini mwa Cagliari. Miaka ya 1990 ukaanzishwa mgodi wa wazi, kampuni inaitwa Sardinia Gold Mining, mtaji wa Australia kwanza, baadaye Kanada, na serikali ya mkoa ikiwa na fungu dogo. Uzalishaji ukaanza 1997.

Sasa tazama mwaka wenyewe. Mapema 1996 aunsi ilikuwa zaidi ya dola 400. Mwisho wa 1997 iko chini ya 300. Mei 1999 Uingereza ikatangaza kwamba itauza zaidi ya nusu ya dhahabu yake, na kufikia Julai aunsi ikagusa dola 253 hivi. Mgodi mdogo, mpya, umezaliwa katikati ya mvua ya mawe. Lakini hisa hazikuhitaji mgodi upate faida, zilihitaji habari. Kuna shimo jipya la uchunguzi, kuna eneo jingine kaskazini huko Osilo (wananchi wakagoma), kuna mwekezaji mpya, kuna muungano. Kila mama mpya wa kampuni anatoa hisa mpya kulipia madeni ya mama wa zamani, na fungu la mwenye hisa wa kwanza linazidi kuwa jembamba.

Machi 2008 dhahabu ikavuka dola 1,000 kwa mara ya kwanza. Furtei ilipaswa kusherehekea. Ikazimika mwaka huohuo, na 2009 ikafilisika. Mwamba laini wa juu, ule ambao sayanaidi inaupenda, ulikuwa umekwisha. Uliobaki una salfaidi, tatizo lilelile la Pestarena.

Nilipita pale kiangazi kimoja. Kilima cha Santu Miali kimekatwa ngazi ngazi, kina rangi ya kutu, na bwawa la tope limezungushiwa uzio. Kampuni imeondoka na jina lake. Bwawa lenye mabaki ya sayanaidi na metali limeachiwa umma ulisafishe, yaani mkulima wa Furtei ambaye hajawahi kumiliki hisa hata moja.

bintiMaryam

Mwaka wa sita wa publicani huo.

DalaliMstaafu

Sina la kubisha. Mimi mwenyewe niliwahi kununua hisa za kampuni moja ya madini, jina nalihifadhi. Nilikuwa dalali, najua kila kitu ninachowaandikia hapa. Ripoti niliisoma, gramu zilikuwa safi, sahihi ya mtaalamu ipo. Nikasahau kuhesabu hisa: kila mwaka wanatoa mpya. Baada ya miaka minne mgodi haujafa na bei ya dhahabu imepanda, lakini hisa zangu zimebaki za kununulia vocha. Mama watoto hadi leo akitaka kunimaliza ananiuliza, "Baba, dhahabu yetu imefikia wapi?"

Popo wa Mchana

Hahaha mzee pole. Mdau mwenye kanuni yuko wapi? Aje huku.

Mkandarasi_Mtarajiwa

Nipo nasoma tangu mwanzo. Nimekunja mkia. Ila swali: hao wenye vinu vya mawe, waliokuwepo kabla ya kampuni, wao walipata?

Kijiwe cha Torino

Walipata ya kula. Mkanda ukikonda wanaacha, wanashughulika na ng'ombe, wanarudi ukinenepa. Hawakuwa na mtu wa kumpa maelezo. Waliouza vibali vyao kwa kampuni wengine walirudi mgodini uleule kama vibarua, na vumbi la mashine za kutobolea likawakaa kifuani.

Siku hizi wapo wanaochekecha mchanga kwenye mto Elvo, chini ya Bessa, Jumamosi na Jumapili, wengi wao wastaafu. Mmoja alinionyesha chupa ndogo ya dawa, ndani kuna maji na vumbi la njano la msimu mzima. Nikamuuliza atauza lini. Akaitikisa kwenye mwanga, akairudisha mfukoni, akaniuliza kama kwetu sahani zao za kuchekechea ni za mbao au plastiki.

Mzee wa Karasha

Mwambie za kwetu ni karai la bati.

Mkuu, ombi. Una picha ya hicho kinu cha jiwe? Nimemsimulia mwanangu hapa mwaloni, anasema nimezidi uzee, hakuna jiwe linalosaga kwa maji. Na ulizia kama wanajua hilo jiwe la juu walilifunga na nini, maana la kwangu la saruji linapasuka kila mwezi.

Kijiwe cha Torino

Picha ninazo, nazitafuta kwenye simu ya zamani. La kule ni jiwe la mlimani lenyewe, gumu sana, lina tundu katikati na pingu ya chuma. Nikienda tena nitapima upana wa beseni nikuletee.